Mwendo wa Hadithi ya Mwizi Mzee

Miongoni mwa hadithi zote za jinai, ziwe za kitabu au za sinema, hapana imtiayo mtungaji mtihanini kwa habari ya mwendo kama ile ya mwizi wa benki aliyekwisha kula chumvi nyingi. Mwizi kijana huiendesha hadithi yake kwa miguu yake mwenyewe: ana tamaa, ana haraka, ana mtu anayetaka kumwonyesha kuwa yeye si wa kudharauliwa, na mtungaji hana kazi kubwa ila kumfuata mbio na kuandika ayaonayo. Ama mzee, ambaye amekwisha kufungwa na kufunguliwa, ambaye kila mpelelezi wa makamo anaijua sura yake, na ambaye ngazi za benki humchosha kabla hajaufikia mlango, hakimbii. Na wizi wenyewe, kwa tabia yake, ni jambo la dakika chache mno: bastola huonyeshwa au hutajwa tu, karani hufungua mtoto wa meza, noti hutiwa mfukoni, mlango hufungwa. Basi mtungaji aliyeahidi kurasa mia mbili hujikuta ana dakika tano za tendo na miaka sitini ya umri, na imempasa aamue ni wapi azitie zile dakika tano, na nini akitie katika nafasi yote iliyobakia.

Watu wengi wanenapo juu ya mwendo wa hadithi hukusudia kasi, wakaisifu hadithi kwa kuwa inakwenda mbio na kuilaumu kwa kuwa inajikokota, ilhali mwendo si kasi bali ni nisba, yaani uhusiano uliopo baina ya muda unaopita katika maisha ya wahusika na muda anaoutumia msimulizi kuueleza. Mwanachuoni wa Kifaransa Gérard Genette, katika uchambuzi wake wa mwaka 1972, aliipanga nisba hii kwa uangalifu mkubwa: msimulizi aweza kuiruka miaka kumi bila ya neno, aweza kuifupisha kwa sentensi moja, aweza kwenda sambamba na tukio kauli kwa kauli, na aweza kusimama kabisa akaeleza chumba na samani zake huku saa ya wahusika haisogei. Hayo ndiyo aliyo nayo mtungaji mkononi, wala hana mengine, na ufundi wake hujulikana kwa kutazama ni jambo gani analoliruka na ni lipi analolikalia. Rai yangu ni kuwa hadithi ya mwizi mzee huharibika aghalabu kwa kosa moja: mtungaji huukalia wizi, kwa kuwa ndio uliomvuta kuandika, na huuruka uzee, kwa kuwa huudhani ni pambo tu la mhusika, kama kofia au mkongojo, kumbe uzee ndio kisa chenyewe, na wizi ni mojawapo ya mambo yanayotokea ndani yake.

Na tumtazame kwanza mtu wa kweli. Forrest Tucker alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Florida, Marekani, akakamatwa angali mvulana kwa wizi wa gari, na tangu hapo maisha yake yakawa ni kuingia jela na kutoka, na kutoka kwenyewe mara nyingi bila ya ruhusa. Kwa hesabu yake mwenyewe alifanikiwa kutoroka mara 18. Alipata kukaa Alcatraz, gereza la kisiwani lililosifika kwa ukali wake, na mwaka 1979, umri wake ukikaribia miaka 60, yeye na wafungwa wawili wenziwe walitoka katika jela ya San Quentin, huko California, kwa mtumbwi walioujenga kwa siri humo humo jelani, wakapiga makasia na kwenda zao. Kisha akawa na genge la wazee wenziwe walioingia mabenki wamevaa nadhifu na kusema kwa adabu, naye sikioni akiwa na kifaa kama cha mtu mzito wa kusikia, ambacho kwa hakika kilikuwa kikinasa redio ya polisi. Mwaka 1999, akiwa na miaka 78, aliiba katika benki moja ya mji wa Jupiter, Florida, akakamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 13, akafa kifungoni mwaka 2004.

Mtu apewaye kisa hicho hukimbilia mtumbwi. Ni nani asiyetaka kuanzia hapo, maji ya ghuba yakiingia ndani ya chombo kilichoungwa kwa hila, na walinzi wakitazama kutoka minarani? Lakini David Grann, alipokiandika kisa hicho katika jarida la The New Yorker mwaka 2003, hakuanzia mtumbwini. Alianza na ule wizi wa mwisho, wa mzee aliyekaribia kutimiza miaka 79 akijitayarisha kama mtu aendaye kazini, akaueleza, akamfikisha mikononi mwa polisi, na baadaye ndipo aliporudi utotoni. Kwa uamuzi huo mmoja ameliua swali ambalo hadithi nyingi za wizi huishi kwalo, yaani je, atakamatwa? Msomaji ameshajua kuwa amekamatwa. Linalobaki kumsumbua ni swali jingine zito zaidi, la kwa nini mtu aliye na mke, na nyumba katika mtaa wa wastaafu, na saksafoni aliyoipenda, ainuke asubuhi moja akaingie benki tena. Na swali la namna hii halijibiwi kwa mbio, kwa sababu kila mwaka unaoelezwa ni sehemu ya jibu, na msomaji huvumilia miaka hiyo yote, hata ile ya uchovu wa jela, kwa kuwa anatafuta ndani yake sababu ya kile alichokwisha kukiona.

David Lowery alipoigeuza habari hiyo kuwa filamu mwaka 2018, naye Robert Redford akiwa Tucker katika mmojawapo wa michezo yake ya mwisho, alikwenda mbali zaidi. Filamu yake ni fupi, dakika 93, na hata hivyo watazamaji wengi waliiona kuwa ni ya polepole, jambo ambalo si la ajabu kwa anayeelewa kuwa urefu na mwendo si kitu kimoja. Tazama tu aanzavyo: wizi wa kwanza unapita upesi, karibu bila ya kelele, polisi wanafukuza, na mzee, badala ya kukanyaga mafuta, anasimama kando ya njia kumsaidia mwanamke ambaye gari lake limeharibika, magari ya polisi yakampita yeye akiwa ameinama kwenye injini. Hapo mbio zimekwisha, na filamu inamfuata yeye na mwanamke huyo, Jewel, hadi mkahawani, ikawakalisha mezani na kuwaacha wazungumze mpaka mtazamaji asahau kama kuna fedha garini. Wizi umepewa dakika. Mazungumzo yamepewa muda wake kamili. Na tunapofika karibu na mwisho, ambapo mwongozaji mwingine angetoa nusu saa kwa kila utoro, Lowery anautia utoro wa maisha mazima katika mfululizo mmoja wa picha za haraka, hata akachomeka ndani yake kipande cha filamu ya zamani ya Redford mwenyewe, The Chase ya mwaka 1966, ili uso wa ujana uonekane kufumba na kufumbua na kutoweka. Yaliyokuwa makubwa kwa kijana yamefupishwa, na kikombe cha kahawa cha mzee kimerefushwa. Huo ndio uadilifu wa ile nisba niliyoitaja.

Lowery hakuizua njia hii. Waliomtangulia ni waongozaji wa sinema ya Kifaransa ya miaka ya hamsini, ambao, sijui kwa nini hasa, labda kwa kuwa Ufaransa ilikuwa imetoka vitani imechoka, waliwapenda wezi wenye mvi kuliko waongozaji wa nchi nyingine yoyote. Mwaka 1954 Jacques Becker alitoa Touchez pas au grisbi, akimtumia Jean Gabin, aliyekuwa na umri wa miaka takriban 50, kuwa mwizi Max, na jambo la kwanza la kustaajabisha ni kuwa wizi haumo kabisa. Dhahabu imeshaibwa kabla ya filamu kuanza. Max ameshaificha, na shughuli yake kubwa katika nusu ya kwanza ni kutaka kwenda nyumbani kulala mapema. Ipo sehemu moja ambayo kila mtungaji wa hadithi za jinai ingempasa kuitazama: Max amempeleka rafiki yake Riton katika nyumba ya siri, kwa kuwa maadui wanamtafuta, na kwa muda mrefu hakuna kinachotokea ila watu wazima wawili kula mkate mkavu na nyama ya kupaka, kunywa mvinyo, kupeana nguo za kulalia na kupiga mswaki. Max amwambia mwenziwe ajitazame usoni, aone mikunjo. Bastola hailii. Walakini taharuki imo, tena ni kubwa, kwani mtazamaji anajua ya kuwa nje kuna watu wasiolala, na kila dakika ambayo wazee hawa wanaitumia kwa starehe ndogo ni dakika iliyokatwa katika akiba ambayo si kubwa tena. Hatimaye Max huitoa dhahabu yake ili kumkomboa Riton, na mapigano yaja, mafupi na makali, na Riton afa. Na kifo chake humuuma mtazamaji kwa sababu ameshamwona akipiga mswaki.

Jules Dassin, katika Rififi ya mwaka 1955, anaonekana kuipinga rai yangu, kwa kuwa yeye aliukalia wizi kuliko mtu mwingine yeyote: karibu nusu saa nzima, bila ya neno wala muziki, wezi wanatoboa dari juu ya duka la vito mjini Paris, na mwavuli uliofunguliwa chini ya tundu unadaka vifusi visianguke. Huu ni wizi wa duka, si wa benki, lakini Tony, kiongozi wao, ni wa ukoo huo huo: ametoka jela, anakohoa, ujana umemtupa. Mbona basi ile nusu saa haichoshi, wala haimgeuzi Tony kuwa kijana? Kwa sababu Dassin hakuionyesha kwa kasi. Aliionyesha kama kazi ya mikono, ya mafundi wanaojua kuwa nguvu haitawafaa na kuwa lililobaki kwao ni subira, na kukohoa kwa mgonjwa mmoja kungeweza kuamsha jengo zima. Ukimya ule ni mwendo wa wazee. Kisha, na hili husahauliwa na wanaoisifu filamu hiyo kwa wizi wake tu, wizi umewekwa katikati. Sehemu kubwa ya filamu bado ipo mbele, na humo ndimo Tony anapolipa gharama.

Lakini aliyeufikisha mwendo huu kileleni, kwa maoni yangu, ni Jean-Pierre Melville katika Bob le flambeur ya mwaka 1956. Bob aliwahi kuiba benki zamani, akafungwa, sasa ni mcheza kamari mwenye suti safi, rafiki wa afisa wa polisi, mtu wa kulala alfajiri wakati wengine wanaamka. Mfuko umekauka, basi anapanga kuiba katika kasino ya Deauville. Anakusanya watu, wanauchora mpango wa jengo kwa mistari myeupe uwanjani penye majani na kujizoeza ndani yake, na msimulizi hata anatuonyesha jinsi jambo litakavyokwenda iwapo litakwenda sawa, ndani ya kasino tupu isiyo na watu. Mtazamaji ameandaliwa kama aandaliwavyo katika hadithi zote za wizi. Usiku unafika, Bob anaingia, anaketi mezani kucheza huku akiisubiri saa, naye, baada ya bahati mbaya ya miaka, anaanza kushinda. Anashinda tena. Anasahau kutazama saa. Wizi tuliongojea kwa filamu nzima haufanyiki, na wenziwe wanakutana na polisi mlangoni. Hebu fikiri ni ujasiri gani huo, kumpa mtazamaji wizi wa fikira na kumnyima wa kweli, na bado asijione amedanganywa! Melville aliweza kwa kuwa tangu picha ya kwanza aliidhibiti saa: alimfuata Bob katika mapambazuko ya Montmartre, mtaa kwa mtaa, meza kwa meza, hata tukajua kwamba mtu huyu hana shida ya fedha kama alivyo na shida ya muda, na kwamba mtu wa namna hiyo, akipewa bahati usiku mmoja, lazima atausahau wakati.

Mizani iliyo wazi kuliko zote ni kisa kimoja kilichotengenezwa mara mbili. Mwaka 1979 Martin Brest aliongoza Going in Style, ya wazee watatu wa Queens, New York, George Burns, Art Carney na Lee Strasberg, waketio kila siku kwenye benchi la bustani na kuishi kwa malipo madogo ya uzeeni, mpaka siku moja mmoja wao anapendekeza waibe benki ili kuondoa uchovu. Wanaiba mapema, filamu haijafika hata nusu, kwa vinyago vya kuchekesha usoni. Na mtazamaji anabaki akijiuliza, sasa itakuwaje, mbona mengi bado? Yaliyobaki ndiyo filamu. Mmoja anakufa karibu mara tu baada ya wizi. Wawili wanakwenda Las Vegas, wanacheza kamari, wanashinda. Wa pili anafia usingizini. Wa tatu anakamatwa, na tunamwacha jela akiwa mwenye utulivu kuliko alivyokuwa bustanini. Kila kifo kinakuja bila ya ngoma, kama vijavyo vifo vya wazee, na mwendo wa filamu hautetereki.

Mwaka 2017 jina hilo hilo lilirudi, mwongozaji akiwa Zach Braff, na wachezaji wakiwa Michael Caine, Morgan Freeman na Alan Arkin, watu watatu ambao ungedhani hawawezi kuharibu jambo. Hawakuharibu wao, kilichoharibu ni mpangilio. Wizi umesogezwa mbele hadi sehemu ya mwisho, mazoezi na vichekesho vimejaa kabla yake, na baada yake unafuata ufafanuzi wa haraka wa jinsi wazee walivyowazuga wapelelezi, wakionekana hapa kumbe walikuwa pale. Ni mwendo wa hadithi za vijana, umevikwa wahusika wenye mvi. Pensheni yao imepotea, na hilo ni jambo zito na la kweli katika Marekani ya leo, lakini filamu haina nafasi ya kulikalia kwa sababu imeahidi hila na imelazimika kuilipa ahadi hiyo. Mmoja anaugua figo, na ugonjwa wake unapona kwa wakati unaofaa. Wote wanabaki hai. Uzee humo ni sababu ya kucheka, haupiti hata saa moja ukiwa uzee kweli.

Yako maradhi mengine, nayo huwapata zaidi waandishi wa vitabu kuliko waongozaji wa sinema, ya kudhani kuwa mwendo wa polepole maana yake ni kumbukumbu. Mzee anaketi, anawasha sigara, na ghafla tunarudishwa miaka arobaini, kwa kurasa ishirini, tukaonyeshwa wizi wa kwanza, mapenzi ya kwanza, jela ya kwanza; tunarudi kwenye sigara, haijakwisha, tunarudishwa tena. Huko si kwenda polepole, ni kusimama, na msomaji huhisi tofauti hata kama hajui kuitaja. W. R. Burnett, katika riwaya yake High Sierra ya mwaka 1940, iliyofanywa filamu na Raoul Walsh mwaka uliofuata, alijua njia bora. Katika filamu hiyo Roy Earle, mwizi wa mabenki wa zama zilizopita, anatoka jela, na badala ya kutupa masimulizi ya zamani zake, anakwenda bustanini kuhakikisha kama nyasi na miti bado ipo, kisha anapita katika shamba walilokuwa wakiishi kwao. Yaliyopita yametazamwa kwa miguu, katika wakati uliopo, na hadithi haikusimama hata kidogo. (Humphrey Bogart, aliyemwigiza Earle, alikuwa na miaka 40 filamu ilipopigwa, na ilibidi apakwe mvi pembeni, lakini mwendo ulimzeesha kuliko rangi.)

Sisi wasomaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kuuona mwendo huu kuwa mgeni. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale wake ulishinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya hamsini na kutolewa kitabu mwaka 1960, alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko na wasaa: watu huzungumza, hutaniana, hubishana, maiti akingoja, na siri hufunuka katika mazungumzo kabla ya kufunuka katika ushahidi. Kisha mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na mwendo wa mji wa Dar es Salaam ukaingia, simu ikilia na magari yakikimbizana, na baada yake, tangu Kufa na Kupona ya Elvis Musiba mwaka 1974, shujaa akawa kijana mwenye bastola asiye na muda wa kumaliza chakula. Sizidharau riwaya hizo. Zilisomwa na watu ambao hawakuwa wakisoma chochote, na hilo si dogo. Lakini zilitufundisha kudhani kwamba taharuki ni mbio, na kwamba wasaa wa Bwana Msa ulikuwa ni udhaifu wa mwanzo uliorekebishwa na waliofuata, jambo ambalo si kweli hata chembe. Wasaa ule ulikuwa wa mpelelezi. Ukihamishiwa kwa mwizi, kwa mzee wa mtaani ambaye majirani humsalimu shikamoo na hapana ajuaye mikono yake imewahi kufungua nini, una hadithi ambayo lugha yetu ina kila nyenzo ya kuisimulia, kuanzia salamu ndefu ambazo ndani yake mtu huweza kuficha jambo au kulifichua, hadi baraza ambapo mtu huketi kuanzia alasiri hadi isha bila ya kuulizwa anafanya nini hapo.

Kwa hiyo namsihi mtungaji aliye na mswada wa namna hii asiuweke wizi mwishoni kama zawadi ya msomaji mvumilivu. Na auweke mapema, aufupishe, kisha aandike kwa utulivu asubuhi inayofuata, mzee akiwa na fedha chini ya kitanda na dawa za presha juu ya meza, na aone hadithi itakavyokwenda yenyewe. Nao wahariri wetu wanaopokea miswada, nawaomba wasizifyeke kurasa za katikati kwa hoja ya kuwa hapana bastola iliyolia humo.